Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Usalama Lamu: Mtu Akipotea, Semeni kwa Tarehe

Kwa wakuu wa usalama, wa utawala na wa shughuli za bahari katika Kaunti ya Lamu

YAH: TAARIFA KWA UMMA KUHUSU WATU WALIOPOTEA

Waheshimiwa,

Assalaam aleikum. Nawaandikia hadharani kwa sababu barua zilizotangulia hazijajibiwa, na kwa sababu jambo lenyewe limekwisha kutoka mikononi mwa familia na kuwa mali ya kila mwenye simu. Ni habari ya kijana wa Langoni, baharia wa boti za abiria, aliyeonekana mara ya mwisho gatini baada ya sala ya Isha, mwezi wa Julai mwaka jana, na ambaye hadi leo hajarudi, hajapiga simu, wala maiti yake haijaonekana. Jina lake silitaji. Mnalo katika kitabu chenu cha matukio, na huko nje limekwisha kutajwa kupita kiasi. Mimi ni jirani wa nyumba yao, na ndimi niliyepewa na wazee wa mtaa kazi ya kuandika na kupokea barua kwa niaba ya familia, kwa hiyo mengi ninayoyasema hapa yamepita mkononi mwangu.

Ombi langu ni moja, na nitalieleza kwa urefu kwa kuwa pingamizi zake nazijua. Mtu anapopotea Lamu, toeni taarifa kwa umma kwa siku maalumu, kwa jina la afisa mmoja anayelishika jalada, mkieleza nini kimehakikishwa, nini kimechunguzwa kikaonekana si kweli, na nini bado kinatafutwa. Na mfanye hivyo hata wiki ambayo hamna jipya. Tangu kijana huyu apotee, neno pekee lililosikika kutoka upande wenu ni kwamba uchunguzi unaendelea. Neno hilo si la uongo, ila halina tarehe, halina mwenyewe, wala halina kitu ambacho mtu anaweza kukishika akalala nacho. Pakikosa msemaji anayejulikana, kila mtu huwa msemaji, na ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Waliojitwika upelelezi wa mtandaoni, wapelelezi hao wasio na cheo, ni watu wa kila namna. Wamo vijana waliomaliza kidato cha nne na hawajapata kazi, kina mama walioolewa Mombasa na Jeddah, mwalimu mstaafu anayeandika vizuri kuliko wote, na bwana mmoja wa Nairobi ambaye kwa kauli yake mwenyewe hajawahi kukanyaga Lamu, lakini amejipa kazi ya kukusanya kila picha ya gati iliyopigwa wiki ile. Wamepanga matukio saa kwa saa, wamechora ramani, wamezungushia vitu duara jekundu, na wamehesabu nani alijibu ujumbe na nani alinyamaza. Mimi siwaiti wambea. Mmbea hakeshi akilinganisha vivuli vya nguzo katika picha mbili ili ajue ipi ilitangulia. Hawa wana bidii, na wengi wao wana huruma ya kweli kwa mama wa kijana. Walichokosa ni kitu cha kupimia dhana zao, na kitu hicho kiko kwenu.

Chukueni mfano wa ramani iliyozunguka kuliko zote. Aliyeichora alikata kauli kwamba kijana alianguka majini, akaweka alama penye ngazi za gati, kisha akavuta mshale mrefu kutoka mlango wa Shela, maji ya Lamu yanakotokea bahari kuu, hadi Kipini, upande wa kusini-magharibi, na chini yake akaandika kwamba huko ndiko mkondo unakopeleka kila kitu. Ramani ni safi na ina vipimo vya kilomita. Nahodha yeyote wa Lamu akiitazama atasema neno lile lile, kwamba mshale huo ni wa kaskazi, msimu wa upepo wa kaskazini. Julai ni kusi. Wakati wa kusi upepo hutoka kusini na mkondo wa nje hupanda kaskazini, kwa hiyo kilichotoka mlangoni hufuata pwani ya nje ya kisiwa cha Manda kuelekea Pate, Kiwayu na Kiunga. Isitoshe, usiku ule ulikuwa wa bamvua, yaani wakati maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine. Siku za bamvua hapa kwetu maji hujaa alasiri na hupwa karibu saa tano usiku, basi baada ya Isha maji ya mbele ya mji huwa yanatoka kwa nguvu kuelekea Shela, na yanapokutana na kusi pale mlangoni mawimbi huumuka hata boti ya faiba yenye mashine kubwa ikaona taabu. Kisha, baada ya saa tano, maji hugeuka na kuanza kurudi ndani, kupita mjini na kuelekea Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara. Kwa hiyo hata mtu aliyeikubali dhana ya kuzama alikuwa na pande mbili za kutafuta kabla ya kwingine kote: ndani, kwenye mikoko ya Manda na huko Mkanda, na nje, upande wa kaskazini-mashariki. Hakuna hata upande mmoja kati ya hiyo uliokuwamo katika ramani. Boti za jamaa zilikwenda Kipini, kwa mafuta ya mchango, katika zile siku za mwanzo ambazo ndizo zenye thamani.

Sidai kwamba alizama. Ninachodai ni kwamba taarifa fupi ya siku ya pili, iliyoandikwa baada ya kuwaita manahodha wachache na kuwauliza maji yalikuwaje, ingeizima ramani ile kabla haijatoka Langoni. Majedwali ya maji kujaa na kupwa huchapishwa kila mwaka na ofisi za serikali zinayo. Elimu ya upepo na mkondo iko kwa wazee wanaokaa barazani Mkunguni kila jioni, wala haina malipo. Hakuna aliyewaita.

Kisha kuna ndara. Picha ya ndara za bluu zilizoachwa kwenye ngazi za gati ilienea, na juu yake zikajengwa dhana tele: kwamba alizivua akaruka majini, kwamba alivuliwa kwa nguvu, kwamba ziliwekwa pale baadaye ili kupoteza watu, na hata kwamba ya kushoto imeelekezwa kwenye boti ya mtu fulani. Mama yake alioneshwa picha hiyo na mtoto wa jirani wakati mijadala yote imekwisha kukomaa. Aliishika simu, akaivuta picha kwa vidole viwili ikawa kubwa, akasema kwamba ndara za mwanawe zilikatika kigwe cha mguu wa kulia, naye akazifunga kwa waya wa shaba alioutoa kwenye mashine kuukuu ya boti. Katika picha vigwe vyote viwili ni vizima. Jambo hilo lilichukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa kulimaliza, na hakuna aliyekuwa amemwuliza, si wapelelezi wa simu, si wapelelezi wenye vitambulisho. Wala hadi leo haijatangazwa kama ndara hizo zilichukuliwa na kukaguliwa, au mwenyewe alijitokeza. Zaidi ya hayo, picha inayopitishwa WhatsApp hupunguzwa ukubwa na kuvuliwa maelezo ya saa na mahali yaliyomo ndani ya faili. Picha halisi anayo aliyeipiga peke yake, kama simu yake haijaibwa au kuuzwa. Ofisi ambayo ingetangaza mapema kwamba inazitaka picha halisi za gati za usiku ule, na kutaja pa kuzipeleka, ingepata kutoka kwa wapelelezi hawa hawa kitu ambacho sasa huenda hakipo tena.

Dhana nyingine nitazipita haraka. Wapo wanaosema yuko Yemen, wapo wanaosema yuko Oman na mke wa pili, wapo wa mashetani na makafara, na yupo mmoja anayerudia kila wiki kwamba simu ya kijana "ilisoma Witu", kwa kuwa ana rafiki anayemjua mtu katika kampuni ya simu. Kila dhana ikimaliza kusomwa husikika mtu akisema lisemwalo lipo, na mazungumzo hufungwa hapo kana kwamba methali ni cheti cha mahakama.

Dhana moja, hata hivyo, siwezi kuipita, kwa sababu imemdhuru mtu. Mwenye boti ambayo kijana alikuwa akiifanyia kazi ametajwa kwa jina na kwa picha kwamba anafahamu zaidi ya anavyosema, ushahidi ukiwa ni kwamba alipaka boti rangi mpya wiki mbili baadaye. Kila mtu wa gatini anajua boti hupandishwa na kupakwa rangi wakati wa kusi, abiria wakiwa wachache na bahari ikiwa mbaya. Mtu huyu amepoteza wateja wa Shela na wa Matondoni, watoto wake wameulizwa darasani kama baba yao ni muuaji, na jamaa zake wameacha kusalimiana na jamaa za kijana, ilhali ni watu waliooana. Kama mmemhoji na hamkupata jambo, ana haki ya kusemewa. Kama bado mnamchunguza, basi pia wapelelezi hawa wamekuharibieni kazi, kwa maana kila alilopaswa kuulizwa amekwisha kulisikia barabarani. Kwa vyovyote vile kunyamaza hakukumsaidia yeye wala nyinyi.

Na kuna matapeli. Baada ya maelezo ya kijana kuenea, pamoja na kovu lake la kiwiko na jina la utani aliloitwa nyumbani, mama alianza kupigiwa simu na watu waliojua mambo hayo yote na waliotaka fedha kwa M-Pesa ili "wamwachilie". Alitoa mara ya kwanza, kwa sababu aliyepiga alilitaja lile jina la utani. Nambari zilizopiga tunazo, zimeandikwa na zimehifadhiwa.

Sasa nifike kwenye dhana ambayo najua haiwapendezi, nayo ni kwamba kijana amebebwa na watu wa serikali. Mnaweza kukasirika, lakini msiseme kwamba imetoka hewani. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, kaunti hii iliishi chini ya kafyu, na wavuvi walikatazwa bahari ya usiku kwa muda mrefu; na mashirika ya haki za binadamu yameandika kwa miaka kuhusu watu wa Pwani waliochukuliwa na watu waliojitambulisha kuwa maafisa na wasionekane tena. Kenya ilitia saini mwaka 2007 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuwalinda watu dhidi ya kutoweshwa kwa nguvu, na miaka mingi baadaye ilikuwa bado haijauridhia. Mtu aliyeishi Lamu katika miaka hiyo hahitaji akili ya ajabu kufikiri hivyo anaposikia kwamba baharia amepotea usiku na ofisi zimenyamaza.

Lakini ajabu ya dhana hii ni kwamba katika zote ndiyo rahisi kwenu kuijibu, na nyinyi peke yenu ndio mnaoweza. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza ya mahakama inayofuata, na kinampa haki ya kuwasiliana na wakili wake na watu anaohitaji msaada wao. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inazipa ofisi za umma siku 21 za kujibu maombi ya kawaida, lakini habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu inatakiwa itolewe ndani ya saa 48. Familia iliuliza kwa maandishi kama kijana yumo mikononi mwa kikosi chochote. Jibu la ndiyo au hapana, lenye sahihi, lingekuwa limetimiza sheria na wakati huo huo limewanyamazisha nusu ya wapelelezi. Halikuja, na kila siku ambayo halikuja imehesabiwa kuwa ni jibu.

Msidhani kwamba haya ni mambo ya Lamu peke yake. Tarehe 27 Januari 2023, mama mmoja mwenye watoto wawili alipotea akitembeza mbwa kando ya mto Wyre, katika kijiji cha St Michael's on Wyre huko Lancashire, Uingereza, na simu yake ikakutwa juu ya benchi ingali imeunganishwa kwenye mkutano wa kazi. Tangu siku za mwanzo polisi walielekea kuamini kwamba ameingia mtoni, lakini hawakukaa na waandishi wa habari kuwaeleza vya kutosha kwa nini, na watu kutoka mbali wakamiminika kijijini na simu zao, wakirekodi bustani za watu na kumtuhumu huyu na yule, hata polisi wakalazimika kuwafukuza. Kisha, walipoona mambo yamewashinda, polisi hao hao walitangaza habari za ndani za afya ya mama huyo. Maiti yake ilipatikana mtoni tarehe 19 Februari, karibu kilomita moja na nusu kutoka kwenye benchi, na Juni mwaka huo mchunguzi wa vifo aliamua kwamba alizama kwa ajali. Taasisi ya mafunzo ya polisi ya nchi hiyo ilifanya tathmini, iliyotoka Novemba 2023, na ikasema kwamba polisi walishindwa mapema kuieleza habari yenyewe, na kwamba kutangaza habari zake binafsi kungeweza kuepukwa na hakukuwa na haja. Funzo ninalolichukua mimi ni hilo la mwisho hasa. Ofisi iliyonyamaza mno mwanzoni ilijikuta inasema mno baadaye, tena kwa haraka na kwa hasira, na aliyelipia ni aliyepotea na watoto wake.

Huko Marekani, Aprili 2013, baada ya mabomu ya mbio za Boston, wapelelezi wa kujitolea waliamua kwamba mmoja wa washukiwa ni mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa amepotea tangu Machi. Familia yake ilikuwa ikimtafuta kwa ukurasa wa Facebook, na matusi yalipozidi ikabidi wauondoe. Yaani watu waliojiita wapelelezi walifunga mlango ambao pengine mtu aliyemwona angeupitia. Tarehe 23 Aprili maiti yake ilitolewa majini huko Providence. Hakuwa na lolote la kufanya na mabomu. Ninawataja hao ili msije mkaniona kuwa wakili wa kila mwenye simu.

Hata hivyo, msije pia mkaitumia Boston kama fimbo. Karibu na kwetu, kule Shakahola nyuma ya Malindi, waliopiga kelele kwanza walikuwa watu wasio na cheo: jamaa waliowakosa ndugu zao, wanakijiji, na wachache waliotoka msituni wakasimulia. Walionekana ni watu wa uvumi. Ufukuaji ulipoanza Aprili 2023 ilikutwa miili ambayo hatimaye ilipita 400, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema katika ripoti ya Machi 2024 kwamba maafisa wa usalama wa Malindi walipelekewa taarifa mapema na hawakuzifanyia kazi. Familia nyingi zilisubiri majibu ya vinasaba karibu mwaka mzima kabla ya miili ya kwanza kukabidhiwa. Nani basi, katika habari ile, alikuwa mpelelezi hodari? Ndiyo maana kitisho kilichotolewa katika baraza moja la hapa, kwamba wanaoeneza dhana watakamatwa, hakikunifurahisha. Anayemtaja mtu kuwa muuaji bila ushahidi sheria za kashfa zipo, na mwenye kudhurika anaweza kuzitumia. Lakini mtu anayeuliza "mbona hamjakagua Mkanda?" hana kosa, na huenda yuko sawa.

Naja kwenye pingamizi. Mtasema upelelezi una siri. Ni kweli, na zipo siri ambazo nitakuwa wa kwanza kuzitetea: nani amehojiwa na akasema nini, ujumbe uliokutwa katika simu ya mtu, maradhi yake, madeni yake, mambo ya ndoa yake. Hayo hayatuhusu. Lakini taarifa ninayoiomba haigusi huko. Natunga mfano mmoja ili sura yake ionekane: "Boti aliyokuwa akiifanyia kazi imekaguliwa, ilikutwa imefungwa mahali pake. Ndara zinazoonekana katika picha si zake, kwa ushahidi wa familia. Hayumo katika kituo chochote cha polisi, hospitali wala mochari ya Lamu, Tana River na Kilifi. Tumeuliza na majibu tunayo kwa maandishi. Ombi la rekodi za simu limepelekwa kwa kibali cha mahakama na bado hatujajibiwa. Tunamtafuta yeyote aliyepita gatini kati ya saa mbili na saa tano usiku huo, na yeyote mwenye picha halisi. Afisa anayehusika ni fulani. Taarifa inayofuata ni Ijumaa ijayo, hata kama hakuna jipya." Ni maneno ya dakika moja. Hayamfichulii mhalifu chochote asichokijua, na kila sentensi yake inaifunga dhana moja au inaomba ushahidi mmoja.

Iwe kila wiki kwa mwezi wa kwanza, kisha mara moja kwa mwezi hadi jalada lifungwe. Ibandikwe gatini Lamu na Mokowe, isomwe misikitini na makanisani watakaokubali, ipelekwe kwa wenyeviti wa wavuvi wa Faza, Kizingitini na Kiunga, kwa sababu maiti au boti tupu huonwa na mvuvi kabla ya kuonwa na afisa. Iwe kwa Kiswahili kinachosomeka, si kile cha kutafsiriwa ofisini. Na pale inapopokelewa habari kutoka kwa hawa wapelelezi wa kujitolea, iandikwe katika daftari, ipewe nambari na tarehe, na mletaji aulizwe maswali mawili ambayo mtandaoni hakuna anayeuliza: umeona mwenyewe au umeambiwa, na aliyekuambia ni nani? Nawahakikishia kwamba nyingi zitaishia kwenye swali la pili. Zitakazobaki ndizo za kufuatiliwa.

Kuna jambo moja la siku ya kwanza ambalo halipaswi kungoja taarifa yoyote. Familia ilipokwenda kuripoti asubuhi yake, katika kituo kimoja iliambiwa isubiri saa 24 zitimie. Saa 24 zilizomo katika Katiba, kama nilivyotaja, ni za kumfikisha aliyekamatwa mbele ya hakimu. Hakuna sheria inayoitaka familia ingoje saa 24 kabla ya kuripoti aliyepotea. Nyikani huenda saa hizo zikapita bila hasara kubwa. Katika visiwa, kwa muda huo maji hujaa mara mbili na hupwa mara mbili, na lililokuwa mbele ya mji alfajiri laweza kuwa nje ya Manda kesho yake. Toeni agizo la maandishi kwa vituo vyote, na nakala yake ibandikwe penye meza ya mapokezi, mahali ambapo mwenye shida ataweza kuinyoshea kidole.

Mwisho wa haya yote ni mahakama, na huko pia makisio yanafika. Kijana ana mke na mtoto mdogo. Sheria ya Ushahidi inamchukulia mtu kuwa amekufa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kwa miaka 7 hakusikika na wale ambao wangetarajiwa kumsikia kama angekuwa hai. Kwa Kadhi nako kuna utaratibu wake kuhusu aliyepotea, kuhusu ndoa ya mkewe na mali yake, na Kadhi huhitaji habari za kweli za namna mtu alivyopotea na alivyotafutwa. Mama wa kijana amekwisha kuambiwa na watu watatu tofauti kwamba mwanawe ameonekana Mombasa, Kongowea, tena akiwa na ndevu. Mambo kama hayo yakipelekwa mbele ya Kadhi bila karatasi yoyote ya serikali inayosema yalichunguzwa au hayakuchunguzwa, mwanamke wa miaka ishirini na kitu atabaki hajulikani ni mke au ni mjane, kwa sababu ya ndevu za mtu aliyepita sokoni. Mfululizo wa taarifa zenye tarehe ungekuwa, siku hiyo, ushahidi wa kutosha kuanzia.

Familia iko tayari kukutana na afisa mtakayemteua, siku yoyote isipokuwa Ijumaa adhuhuri. Itakuja na picha za kijana, maelezo ya zile ndara zenye waya, nambari zote zilizopiga kuomba fedha, majina ya manahodha waliokubali kueleza hali ya maji ya usiku ule, na nakala za barua zilizotangulia. Nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, imeandikwa nyuma ya barua ya kwanza. Mwalimu mstaafu na yule bwana wa Nairobi wamekubali kukabidhi picha walizokusanya kwa yeyote atakayetia sahihi kwamba amezipokea. Jibu lenu lipelekeni kwa mzee wa mtaa wa Langoni, naye atanifikishia.

Wenu,
Jirani na mwandishi wa barua za familia,
Langoni, Lamu